Mashua ndogo ya mbao kwa safari za kujifurahisha katika Ghuba ya Winam: nianzie wapi?

Mwana wa Milimani (Kisumu) ameuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa vyombo vya majini, nawasalimu kutoka Kisumu. Nimeishi karibu na Ziwa Victoria maisha yangu yote, lakini kama wengi wetu wa mjini, nimelitazama zaidi kuliko nilivyosafiri ndani yake. Sasa nimeamua kupata mashua ndogo ya mbao, ya urefu wa mita nne au tano hivi, ambayo watu wawili au watatu wataweza kuipiga makasia na, Mungu akipenda, kuiendesha kwa tanga. Sikusudii kuvua wala kubeba abiria. Nia yangu ni kutoka ufuo wetu wa Dunga alfajiri, kuvuka kwenda ufuo wa kaskazini na kuufuata hadi upande wa Seme, kulala huko na kurudi. Na baadaye, nikishapata ujuzi, kufika Kisiwa cha Ndere, Asembo, na hata Mbita.

Kila ninayemweleza jambo hili huniuliza nitapata faida gani, kana kwamba ziwa ni mahali pa kazi tu. Mimi naamini kwamba kufika mahali kwa nguvu za mikono yako na kwa upepo, katika chombo ambacho unakijua kila ubao, ni faida inayotosha. Ila sijui nianzie wapi. Je, ninunue mashua kuukuu ya wavuvi niikarabati, au nimpe fundi kazi ya kuunda mpya? Mbao gani zinafaa? Je, mtu asiye fundi anaweza kujiundia ya plaiwudi? Na tanga lina maana yoyote katika ghuba ambayo karibu kila chombo kinachosafiri mbali kina mashine? Ningeshukuru kupata majibu ya watu wenye uzoefu.

Fundi wa Uyoma amejibu:

Kijana wangu, karibu. Kazi yangu ni kuunda mashua, na nimefurahi sana kusikia kwamba kuna mtu anayeitaka mashua kwa ajili ya mashua yenyewe. Nitakujibu kwa urefu kidogo, maana swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine yote.

Mashua kuukuu hupatikana kwa bei nafuu, kwa sababu mvuvi anapobadilisha chombo, kile cha zamani hubaki ufuoni kikikauka juani. Lakini usiihukumu kwa rangi yake. Chukua kisu chenye ncha kali, ingia ndani, uiname, uanzie kwenye ubao wa kwanza ulioshikana na mkuku, yaani uti wa mgongo wa mashua, kisha upekue pembe ambamo taruma (mbavu za ndani) zinakutana na mbao za ubavu. Bonyeza taratibu. Ubao mzima hukikataa kisu; ubao uliooza hukipokea bila sauti, na ukikichomoa hutoka na unyevu. Halafu tazama vichwa vya misumari. Ukiona doa jeusi limeuzunguka msumari na mbao imelainika hapo, kutu imekwisha kuila mbao, na hata ukigongelea msumari mwingine palepale hautashika. Mashua yenye misumari michache ya namna hiyo inatengenezeka. Ikiwa hali ndiyo hiyo kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), mwachie mwenyewe.

Wengi hudhani kwamba maji ya ziwa ndiyo yanayoozesha mashua. Sivyo. Kuvu anayeozesha mbao huhitaji hewa pamoja na unyevu, kwa hiyo sehemu iliyozama daima hudumu, na sehemu inayokufa kwanza ni ile ambayo maji ya mvua yanatuama ndani. Wenzetu wa Lamu na Mombasa wana chumvi inayozihifadhi mbao, ingawa wao wanapambana na mdudu wa baharini anayezitoboa. Sisi hatuna mdudu huyo, lakini hatuna chumvi pia, na mvua zetu za alasiri mnazijua. Kwa hiyo, mashua ndogo inapokaa ufuoni igeuzwe kifudifudi juu ya magogo, hewa ipite chini yake, na ifunikwe kwa makuti au turubai lisilogusa mbao.

Kuhusu mbao, mvule ni bora kwa sababu hauozi upesi na wadudu hawaupendi, lakini siku hizi ni adimu na ni ghali. Siala ni mti wetu wa nyumbani unaofaa sana kwa taruma. Saipresi ni nyepesi, hurandwa vizuri, na kwa mashua ya mita nne ya kutembelea inatosha ikitunzwa kwa rangi. Mbao za mkaratusi sikushauri: ni nzito, na zikikauka hujikunja na kupasuka. Umbo lifanane na mashua zetu za aina ya Sesse, zenye mkuku, ila uchague ile yenye ncha pande zote mbili. Zile zilizokatwa tezi zilikatwa ili kufungiwa mashine. Ukizipiga makasia, tezi lile pana huburuta maji nyuma na kukuchosha bure.

Jambo moja la mwisho, nalo ni la lazima. Mashua iliyokaa juani hunywea, na mianya kati ya mbao hufunguka hadi ukaona mwanga. Usiishindilie pamba ya kalafati, ile ya kuzibia mianya, ikiwa kavu hivyo. Ukifanya hivyo, mbao zitakapoingia majini na kuvimba zitakosa nafasi, zitasukumana, na misumari itang'oka kwenye taruma. Iweke kwanza majini penye kina kifupi, uiache ijae, isubiri siku kadhaa inywe. Mianya mingi itajifunga yenyewe. Itoe, iache ikauke kidogo juu tu, kisha utie kalafati pale panapovuja kweli, kwa mkono mwepesi.

Seremala wa Nakuru amejibu:

Ndugu Mwana wa Milimani, mimi ni mwanamke seremala na najibu swali la plaiwudi. Ndiyo, mtu wa kawaida anaweza. Mwaka 1947 Mmarekani aitwaye Clark Mills alibuni huko Clearwater, Florida, mashua ndogo ya watoto inayoitwa Optimist, yenye urefu wa mita 2.3, ambayo iliweza kukatwa kutoka vipande viwili vya plaiwudi. Leo watoto wa dunia nzima hujifunzia tanga humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Waingereza wakatoa Mirror, yenye matanga mekundu na urefu wa mita 3.3 hivi, iliyouzwa ikiwa vipande vya kuunganishia nyumbani. Vipande vyake hushonwa kwanza kwa waya wa shaba kupitia matundu madogo, kisha kila mshono hufunikwa kwa kitambaa cha faibaglasi na gundi. Zimeundwa zaidi ya 70,000, nyingi zikiwa zimeundwa na watu ambao hawakuwahi kuunda chombo chochote kabla ya hapo.

Tatizo la kwetu ni plaiwudi yenyewe. Ile ya kawaida ya makabati hufumuka matabaka ikilowa. Kabla ya kununua, omba kipande kidogo cha mabaki, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kikaushe, ukichemshe tena. Kikibaki kizima, gundi yake inaweza kustahimili maji; matabaka yakiachana, umeokoa fedha zako. Kagua pia ukingo wake: ukiona matundu kati ya matabaka, maji yatajificha humo, na hapo utakuwa umerudi kwenye uozo aliousema Mzee Fundi.

Naongeza jambo ambalo si sehemu ya swali, lakini linanigusa. Wakati mwingine tunadhani safari za vyombo vidogo ni mambo ya wageni. Nendeni Ziwa Baringo mkawaone ndugu zetu Wailchamus katika vyombo vyao vya ambachi, mti wa majini mwepesi mno, ambao magogo yake hufungwa pamoja yakawa kitu cha mtu mmoja kukalia. Mvuvi hukaa karibu usawa wa maji, miguu ameinyoosha, na hupiga maji kwa vibao vidogo alivyovishika mikononi, kimoja kila upande. Chombo hicho mtu mmoja hukibeba begani. Sijaona popote chombo kidogo zaidi kinachofanya kazi halisi, na anayekiendesha hupita akiwa ametulia kabisa.

Mwalimu wa Mbita amejibu:

Nashukuru kwa swali hili. Nitaongeza mambo ya upepo, kwa sababu katika ghuba yetu upepo ndio ratiba.

Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, na hewa huteremka kutoka nchi kavu kwenda majini. Ndiyo maana alfajiri ukiwa Dunga utapata upepo mwanana unaotoka nyuma yako kuelekea magharibi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo hugeuka: kuanzia adhuhuri huvuma kutoka ziwani ukiingia ghubani, na alasiri huwa mkali. Ghuba hii ina urefu wa kilomita 100 hivi na kina chake ni kifupi, kwa hiyo upepo wa magharibi una nafasi ndefu ya kujenga mawimbi, na mawimbi hayo huwa mafupi, yenye kusimama wima, yanayofuatana bila kukupa pumzi. Mashua ya mita nne inayoyakabili kwa omo itachosha watu wake na kulowa. Inayoyapata kwa ubavu iko hatarini.

Kutokana na hayo, mpango wa safari hujipanga wenyewe. Unatoka kabla ya jua, unakwenda magharibi kwa upepo wa nchi kavu, unafika ufuoni kabla ya saa sita mchana, na unapumzika. Kurudi mashariki kunasaidiwa na upepo wa ziwa, lakini uuchukue unapoanza tu, ukiwa bado mpole. Usiungoje hadi saa kumi ndipo utweke tanga. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena mwishoni mwa mwaka, dhoruba hujengeka kwa haraka. Ukiona wingu jeusi lenye ukingo mnyoofu chini yake na maji ya mbali yamegeuka rangi, tua tanga mara moja na uelekee ufuo ulio karibu, hata kama si ule uliokusudia. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa kwa ajili ya wavuvi. Usikilize, kisha umwulize pia mvuvi aliyerudi asubuhi hiyo.

Kwa hiyo tanga lina maana, na kubwa. Tanga la pembetatu na foromali yake (mti unaolibeba juu), kama lile ambalo mashua za ziwa hili zilitumia kabla ya mashine kuenea, linatosha. Lifanye dogo kuliko unavyotamani. Kwa umbo la mashua zetu hutaweza kubisha vizuri, yaani kwenda kwa zigizaga dhidi ya upepo, na hapo makasia ndiyo msaada wako. Usiwahi kuyaacha nyumbani.

Mengine nayataja kwa ufupi. Ukiona chupa za plastiki zinaelea kwa mstari, huo ni wavu au mshipi wa ndoana wa mtu. Uzunguke, usiupite juu, kwani hayo ni maisha yake. Usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi wa omena hujaa ziwani, na chombo kidogo kisicho na taa hakina haki ya kuwa hapo. Mafunjo ya ufuoni ni makao ya viboko, na wakati wa machweo wao hutoka kwenda kula. Usipite kati yao na nchi kavu. Gugu maji, ambalo limetusumbua tangu miaka ya 1990, husukumwa na upepo wa magharibi hadi kuifunga hori ya Kisumu (ghuba ndogo ya mjini), na mashua iliyo ndani ya hori inaweza kushindwa kutoka, au iliyo nje kushindwa kuingia. Jua mahali pengine pa kutia nanga kabla ya kuondoka. Na kichocho kipo katika maji ya ufuoni yenye majani, kwa hiyo baada ya kushinda na miguu majini ni busara kupima.

Mkazi wa Kondele amejibu:

Kwa heshima zote, kwa nini hamumshauri anunue ya faibaglasi? Haihitaji kalafati, hainywei juani, na ni nyepesi kuvuta.

Fundi wa Uyoma amejibu:

Ndugu yangu wa Kondele, hoja yako ina uzito, na kwa mtu anayebeba abiria kila siku nisingebishana nawe. Lakini fikiria mtu aliye peke yake na mwenzake ufuo wa Asembo, ubavu umegonga jiwe. Mashua ya mbao itatengenezwa jioni hiyohiyo kwa kipande cha ubao, pamba na misumari, na takriban kila ufuo una mtu anayejua kuifanya kazi hiyo. Ya faibaglasi itasubiri resini kutoka mjini. Tena mbao huelea: mashua yetu ikijaa maji hubaki juu ya uso wa maji na watu wakaishikilia, ilhali faibaglasi isiyo na vyumba vya hewa huzama. Na jambo la tatu, ambalo silifichi, ni kwamba kila mashua ya mbao inayoagizwa humpa fundi mmoja sababu ya kumfundisha kijana mmoja jinsi ya kushika tezo, shoka letu la kuchongea mbao.

Msomaji wa Historia (Kakamega) amejibu:

Nimesoma mazungumzo haya kwa furaha. Muulizaji amesema watu humwuliza kuhusu faida, nami ningependa kumpa wenzake wa kusimama naye.

Mwaka 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa hili lote katika mashua ya mbao iitwayo Lady Alice. Ilikuwa ya mwerezi, ya urefu wa futi 40, iliyoundwa Teddington nchini Uingereza kwa vipande vilivyotenganishwa ili wapagazi waibebe kutoka pwani. Wakati huo huo watu wa ziwa walikuwa na vyombo vyao vya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mmea, bila msumari hata mmoja, na katika Buganda mitumbwi ya aina hiyo ilikuwa jeshi zima la majini. Yaani ufundi ambao Mzee Fundi anaueleza una mizizi mirefu hapa hapa.

Joshua Slocum naye aliijenga upya mashua kuukuu iliyokuwa imeachwa shambani huko Fairhaven, Massachusetts, akaiita Spray, na kati ya mwaka 1895 na 1898 akaizunguka dunia peke yake, wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1916 mpelelezi wa Antaktika Ernest Shackleton na wenzake watano walisafiri takriban kilomita 1,300 katika bahari ya kusini kabisa, kutoka Kisiwa cha Elephant hadi South Georgia, wakiwa ndani ya James Caird, mashua ya mbao isiyofika mita saba. Wao walikuwa wakiokoa maisha ya wenzao waliobaki nyuma, na sisi hatuitafuti shida ya namna hiyo. Ninachokiona katika habari zote hizi ni kwamba chombo kidogo humlazimisha mtu kuyatazama maji kwa makini, na mtu aliyeyatazama hivyo hawezi tena kuyaona kama uwanja mtupu. Huko Port Townsend, jimbo la Washington nchini Marekani, wapenzi wa mashua za mbao wamekuwa wakikutana kwa tamasha tangu mwaka 1977. Kwetu Lamu majahazi hushindanishwa kwa shangwe. Sioni kwa nini Dunga isiwe na siku yake.

Nami nimewahi kupigishwa makasia asubuhi kutoka Dunga. Mashine ikiwa haipo, unasikia maji yakipita chini ya ubao uliokalia, unamsikia mdiria akipiga mbizi kabla hujamwona, na Mlima Homa unabadilika rangi ng'ambo ya ghuba kutoka kijivu hadi kijani bila wewe kuharakishwa na lolote.

Mwana wa Milimani amejibu:

Nawashukuru nyote, na hasa Mzee Fundi na Mwalimu kwa kunipa muda wao. Nimeamua kuagiza mpya, ya saipresi yenye taruma za siala, ncha pande zote mbili, mita nne na nusu. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kuna taratibu gani za serikali? Na ninajiandaaje kwa kupinduka, ikiwa kutatokea?

Mwalimu wa Mbita amejibu:

Kuhusu taratibu, anza na BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo) ya mahali ambapo mashua italala, kwa sababu hao ndio majirani wako na ndio watakaokutafuta ukichelewa kurudi. Kisha uende ofisi ya KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya), ambayo ndiyo yenye jukumu la usalama wa vyombo, pamoja na vya maziwani, uulize kuhusu ukaguzi na usajili wa chombo cha matembezi. Kila safari mwachie mtu ufuoni maelezo ya unakokwenda na saa ya kurudi.

Kuhusu kupinduka, ifanye makusudi. Siku tulivu, penye maji ya kifuani, wenzako wakiwa karibu na kila mmoja amevaa jaketi la kujiokolea lililofungwa, si lililokaliwa. Ipindue, uone inavyoelea, ujifunze kuigeuza na kufua maji, yaani kuyatoa nje, kwa ndoo iliyofungwa kwa kamba ili isipotee. Ukishafanya hivyo mtajua nyote jambo la msingi: hakuna anayeiacha mashua na kuogelea kuelekea nchi kavu, hata ikionekana karibu. Simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji, na makasia yafungwe kwa kamba nyembamba.

Fundi wa Uyoma amejibu:

Nakubaliana na Mwalimu kwa kila neno. Kijana wangu, mbao tuzichague pamoja, na tuzichague mapema kabla ya mvua za Machi ili zikauke kivulini zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati, upepo upite. Njoo na viatu vya kazi. Ubao wa kwanza ulio juu ya mkuku utaugongelea wewe mwenyewe, mimi nikishikilia upande wa pili.